Presha ya Kijana na Mishipa ya Figo: Kwa Nini Uchunguzi Huanzia Zahanati



Katika vikao vya kamati za afya swali moja limekuwa likijirudia. Kwa nini tunasisitiza mashine ndogo za kupimia presha, tena zenye mikanda ya watoto, wakati watu wetu wanaumwa malaria, nimonia na kifua kikuu? Wahisani nao huuliza kwa upande wao: je, isingekuwa bora fedha hizo zikusanywe pamoja, inunuliwe mashine moja kubwa ya kisasa, iwekwe mjini Sumbawanga? Maswali yote mawili ni ya haki, na yanastahili jibu refu kuliko lile tunalolitoa mwishoni mwa kikao watu wakiwa wameshachoka.

Tumeamua kujibu kwa njia ya mfano wa magonjwa ambayo wengi wetu hatujayasikia, yaani magonjwa adimu ya mishipa ya damu ya figo. Tumeyachagua kwa makusudi. Kama kuna magonjwa yanayoonekana kuwa mbali kabisa na zahanati ya kijiji cha Ufipa, ni haya. Hata hivyo, ukifuatilia jinsi yanavyogunduliwa, utaona kwamba mlango wa kwanza uko kijijini, na ukifungwa pale, mashine kubwa ya mjini haimwoni mgonjwa kamwe.

FIGO NA DAMU YAKE

Figo mbili za mtu mzima, kila moja ikilingana na ngumi yake, hazifiki pamoja uzito wa nusu kilo. Lakini hupokea takribani sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, yaani lita moja na zaidi kila dakika. Damu huingia katika kila figo kwa mshipa uitwao ateri, ikagawanyika katika mishipa midogo na midogo zaidi, hadi kufikia vichujio vipatavyo milioni moja kwa kila figo. Kwa siku nzima vichujio hivyo hupitisha lita 180 hivi za majimaji. Karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili zinazobaki ndizo mkojo.

Figo ina kazi nyingine ambayo haisemwi sana, nayo ni kulinda presha. Mwaka 1898 huko Stockholm, Robert Tigerstedt na Per Bergman waliwadunga sungura maji yaliyokamuliwa kutoka figo za sungura wengine, presha ikapanda. Kitu hicho wakakiita renini. Mwaka 1934 Harry Goldblatt wa Cleveland, Marekani, aliibana kidogo ateri ya figo ya mbwa kwa kibanio, na presha ya mbwa huyo ikapanda na kubaki juu. Tangu hapo ikafahamika kwamba figo inayokosa damu ya kutosha hutoa renini, na renini huamsha mambo mwilini yanayoipandisha presha ya mwili mzima.

Wanakamati waliowahi kusimamia mradi wa maji wataelewa upesi. Chukua kijiji chenye pampu na mabomba. Bomba la mtaa mmoja limeingia jiwe, maji yanatoka kidogo. Wenye bomba lile wanamlalamikia mwendesha pampu aongeze nguvu, naye anaongeza bila kwenda kutazama. Jiwe liko palepale, lakini sasa mabomba ya mitaa mingine yanapasuka. Figo iliyobanwa ndiyo ule mtaa unaolalamika. Mabomba yanayopasuka ni mishipa ya ubongo, macho na moyo.

MAGONJWA YENYEWE

Tofauti na presha ya kawaida ya watu wazima, ambayo kwa wagonjwa 9 kati ya 10 au zaidi haina chanzo kimoja kinachoonekana, presha kubwa ya mtoto au kijana mara nyingi ina chanzo, na mara nyingi chanzo hicho kiko kwenye figo. Kwa watoto wenye presha ya juu, kubanwa kwa ateri ya figo hukadiriwa kuwa chanzo kwa 5 hadi 10 kati ya kila 100.

Ateri inaweza kubanwa kwa njia mbalimbali. Kwa mzee mvuta sigara au mwenye kisukari, mafuta huganda ndani yake; huo si ugonjwa adimu, na hatutausemea hapa. Kwa wanawake ambao bado ni vijana au wa umri wa kati, ukuta wa ateri unaweza kukua vibaya, ukajikunja na kuvimba kwa zamu, hadi kwenye picha mshipa unaonekana kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Sababu yake haijulikani sawasawa. Kisha kuna ugonjwa wa Takayasu, uliopewa jina la Mikito Takayasu, daktari wa macho wa Japani, aliyeeleza mwaka 1908 mishipa ya ajabu aliyoiona ndani ya jicho la mwanamke kijana. Katika ugonjwa huo kinga ya mwili huzishambulia ateri kubwa, kuta zake zikavimba, zikanenepa na kuziba polepole. Huwapata zaidi wasichana na wanawake wa chini ya miaka 40. Wengine huuita ugonjwa wa kukosa mapigo, kwa sababu mkono mmoja unaweza kupoteza kabisa mapigo ya mshipa.

Ugonjwa huu usidhaniwe kuwa ni wa Wajapani. Madaktari wa Afrika Kusini na wa India wameeleza kwa miongo mingi kwamba Takayasu ni miongoni mwa sababu kubwa za presha ya mishipa ya figo kwa watoto wao, na kwamba wengi wa wagonjwa hao wana dalili za kupata kifua kikuu. Kama kifua kikuu ndicho kinachouanzisha bado wanabishana. Kwetu sisi, tunaoishi na kifua kikuu kila siku, hilo peke yake linatosha kututega masikio.

Mishipa midogo nayo ina magonjwa yake. Kuna mchochota wa mishipa midogo, ambao hutoboa vichujio na kumwaga damu kwenye mkojo, na unaweza kuua figo zote mbili kwa wiki chache. Kuna ugonjwa unaofuata kuhara damu kwa watoto: sumu ya vijidudu hujeruhi mishipa midogo ya figo, damu ikagandia humo, na chembe nyekundu zikakatika vipande zikipita. Wazee wetu wanaokumbuka kuhara damu kulikoanzia Zaire mwaka 1979 na kuenea katika nchi za Maziwa Makuu, walikuwa wakiishi na kijidudu kinachoweza kuleta jambo hilo, Shigella dysenteriae aina ya kwanza. Kuna pia kuganda kwa damu katika mshipa unaotoa damu kwenye figo, hasa kwa mtoto mchanga aliyekaukiwa maji au kwa mgonjwa anayepoteza protini nyingi kwenye mkojo. Selimundu nayo huziba mishipa ya ndani ya figo, ila katika Tanzania selimundu haiwezi kuitwa adimu.

KIJANA ASIYEPIMWA

Tuwaze binti wa miaka 14 katika kijiji cha bonde la Ziwa Rukwa. Hatumsemi mtu fulani. Tumemtunga kwa ajili ya maelezo. Kwa miezi kadhaa anaumwa kichwa, hasa asubuhi. Macho yanaona ukungu. Siku moja anaanguka shambani na kutetemeka mwili mzima. Nyumbani wanasema ni degedege au kifafa. Zahanati wanampima malaria, hakuna, wanampa dawa ya maumivu. Anaanguka tena. Sasa minong'ono inaanza: nani amemtupia? Mji wetu, kama kila Mfipa anavyojua, jina lake husemwa kuwa ni agizo kwa mgeni, atupe uchawi wake kabla ya kuingia. Pamoja na hayo, uchawi bado ndiyo maelezo yaliyo karibu zaidi pale ugonjwa unapokosa jina. Familia inauza magunia ya mahindi kumlipa mganga wa jadi.

Katika habari yote hii hakuna aliyempima presha. Si kwa uzembe. Presha imezoeleka kuwa ugonjwa wa watu wazima wanene wa mjini, na hata mhudumu akitaka kupima, mkanda uliopo ni wa mkono wa mtu mzima. Mkanda mpana ukifungwa kwenye mkono mwembamba huonyesha presha ya chini kuliko ilivyo, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha ya juu kuliko ilivyo. Kipimo kisicho sahihi hapa ni kibaya kuliko kukosa kipimo, kwa sababu kinaandikwa kwenye daftari na kila anayefuata anakiamini. Mfuko wa mpira ulio ndani ya mkanda unatakiwa uzunguke angalau sehemu nne kati ya tano za unene wa mkono. Hii ndiyo hoja yote ya ile mikanda ya watoto, na ndiyo maana tunaing'ang'ania.

Kuna mahali pamoja ambapo vijana wetu hupimwa presha kwa uhakika zaidi, nako ni kliniki ya wajawazito. Hapo kuna nafasi nzuri inayopita mara nyingi bila kutumiwa. Presha ya kifafa cha mimba, kwa kawaida, huanza baada ya wiki ya 20 ya ujauzito. Mama kijana akikutwa na presha ya juu kabla ya wiki hiyo, yaelekea alikuwa nayo kabla ya mimba, na inapasa kuulizwa inatoka wapi. Akishajifungua salama, jambo hilo lisisahaulike pamoja na kadi ya kliniki.

HATUA KWA HATUA

Kazi ya zahanati haihitaji umeme. Mhudumu anapima presha mikono yote miwili. Tofauti ikizidi 10 kati ya mkono na mkono, anapima tena. Ikibaki vilevile, ni jambo la kuandika. Anashika mapigo ya vifundo vyote viwili vya mikono kwa wakati mmoja, kisha mapigo ya kwenye kinena. Anaweka chombo cha kusikilizia juu ya kitovu na pembeni kidogo, kwani damu inayopita kwenye ateri iliyobanwa wakati mwingine hupuliza kama upepo mlangoni. Kutosikika kwa mvumo hakumaanishi kwamba hakuna ugonjwa, lakini ukisikika kwa mtu mwenye presha kali, una uzito.

Kisha mkojo. Kijiti cha kupimia mkojo huonyesha damu na protini kwa dakika moja au mbili. Damu ikionekana, wazo la kwanza huwa kichocho, na ni sawa. Hapo darubini inasaidia: kichocho kina mayai yake, ambapo mchochota wa vichujio hutoa chembe nyekundu zilizoshikana katika umbo la vijiti vidogo, zikifuata umbo la mirija ya figo. Wote wawili wanakojoa damu, lakini dawa ya mmoja haimfai mwenzake. Mgonjwa aliyetibiwa kichocho na mkojo ukabaki na damu na protini asipewe dawa ileile mara ya tatu.

Darubini hiyohiyo ina kazi nyingine ambayo hutushangaza kila tunapoieleza. Mtaalamu wa maabara anayetafuta vimelea vya malaria kwenye tandazo jembamba la damu anaziona pia chembe nyekundu zenyewe. Zikiwa zimekatika, zenye pembe, kama kofia za chuma za askari, na mtoto alihara damu juma lililopita na sasa hakojoi vizuri, hilo ni onyo la ule ugonjwa wa mishipa midogo tuliouelezea. Siku hizi malaria hupimwa zaidi kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu, ambacho ni kizuri na chepesi, lakini hakioni umbo la chembe. Tungependa darubini zisiachwe zikaota vumbi.

Ngazi ya hospitali, iwe ya wilaya, ya mkoa au ya Kanisa, huongeza vipimo vya damu. Kreatinini huonyesha figo zinachuja kiasi gani. Potasiamu ikiwa chini kwa mgonjwa wa presha ambaye hajatumia dawa za kukojosha, inaelekeza kwenye renini. Ultrasaundi hupima urefu wa figo: moja ikiwa fupi kuliko nyenzake kwa zaidi ya sentimita moja na nusu, yawezekana imekuwa ikinyimwa damu kwa muda mrefu. Ultrasaundi yenye kipimo cha Doppler huonyesha pia kasi ya damu ndani ya ateri, kwa maana damu hukimbia pale inapobanwa, kama maji kwenye mdomo wa mpira uliobinywa. Lakini kipimo hicho kinategemea sana mkono wa mpimaji, na tumbo lenye gesi huficha kila kitu.

Hapa kuna jambo ambalo matabibu wetu wanaosoma jarida hili watapenda kulikumbuka. Dawa za presha za jamii ya captopril na enalapril ni nzuri na huokoa figo za wengi. Lakini mgonjwa ambaye ateri zote mbili za figo zimebanwa, au mwenye figo moja tu na ateri yake imebanwa, figo zake zinaweza kushuka ghafla akizianza. Kwa hiyo kreatinini inapimwa kabla, na tena baada ya wiki moja au mbili. Ikipanda kwa zaidi ya asilimia 30, daktari hubadilisha dawa na kuanza kutafuta kubanwa kwa ateri. Mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Picha ya mishipa yenyewe huhitaji mashine ya CT pamoja na dawa ya rangi inayodungwa kwenye damu. Mkopo wa IMF ambao nchi ilipata mwaka 2021 wakati wa UVIKO ulisaidia kupeleka mashine za CT kwenye hospitali nyingi za rufaa za mikoa, jambo ambalo miaka ya nyuma lilikuwa ndoto. Kabla ya kumsafirisha mgonjwa, ni vema kupiga simu na kuuliza kama mashine inafanya kazi siku hiyo na kama dawa ya rangi ipo. Kwa mchochota wa mishipa midogo CT haitoshi, kwani mishipa hiyo haionekani kwenye picha. Huko sindano hutoa kipande chembamba cha figo, kikachunguzwa na mtaalamu wa tishu katika hospitali kubwa kama Muhimbili.

Safari ni ndefu. Kutoka Mtowisa au Muze, mgonjwa anapanda kwanza ukingo wa Lyambalyamfipa, na wakati wa masika hilo peke yake ni suala la siku. Kutoka Sumbawanga hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, ingawa lami ya Tunduma imepunguza sana mateso. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Lakini huko mwisho wa safari kuna kitu cha kufuatwa. Tangu mwaka 2018 madaktari wa kujitolea kutoka Marekani wamekuwa wakishirikiana na Muhimbili kuwafundisha Watanzania tiba zinazopitishwa ndani ya mishipa kwa mirija myembamba. Ateri ya figo iliyobanwa inaweza kupanuliwa kwa puto dogo linaloingizwa kupitia paja, na kwa baadhi ya vijana presha hushuka hadi dawa zikaachwa. Takayasu hutulizwa kwanza kwa dawa za kupunguza ukali wa kinga. Mchochota wa mishipa midogo pia una dawa, ila hausubiri: mwezi mmoja wa kuchelewa unaweza kuwa tofauti kati ya kupona na kusafishwa damu kwa mashine maisha yote, au kuhitaji figo ya ndugu, upasuaji ambao Muhimbili iliuanza Novemba 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018.

KWA KAMATI NA WAHISANI

Turudi kwenye swali la mashine kubwa. Mashine ya CT mjini haina njia ya kumtambua yule binti wa bondeni. Anayeweza kumtambua ni mhudumu mwenye mkanda unaolingana na mkono wake, na mazoea ya kuufunga kwa kila mtoto aliyeanguka degedege, aliyevimba uso, anayekojoa damu au anayeumwa kichwa kila asubuhi. Ndiyo maana tunaomba kila zahanati inayohudumiwa na parokia ipate mashine ya presha ya mkono yenye mikanda ya saizi tatu, vijiti vya mkojo, na mafunzo ya siku mbili yanayorudiwa kila mwaka. Wahisani wanaopenda kuona jina lao kwenye mashine kubwa tunawaelewa, ila mikanda haina nafasi ya kuandika jina.

Sehemu ya pili ni nauli. Familia nyingi hukwama Sumbawanga mjini, zikiwa na barua ya rufaa mkononi na bila fedha ya basi wala ya kumlisha anayemsindikiza mgonjwa. Kamati zenye mfuko wa dharura tunaziomba zitenge kiasi cha rufaa kando, kisichanganywe na fedha za misiba. Aidha, jumuiya ndogo ndogo zihimize familia kujiunga na bima mapema, kwani Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilikwishapitishwa na Bunge mwaka 2023, na kadi inayotafutwa siku ya kuondoka huwa imechelewa.

Barua ya rufaa ibebe namba. Daktari wa Mbeya akipokea karatasi iliyoandikwa «presha, tafadhali msaidie», anaanza upya. Akipokea iliyoandikwa presha ya mkono wa kulia na ya kushoto kwa tarehe tatu, matokeo ya kijiti cha mkojo, kreatinini ya kwanza na ya pili, na dawa alizotumia mgonjwa, ameokoa wiki nzima.

Kamati zitakazopokea vifaa robo hii zizingatie kwamba kopo la vijiti vya mkojo likishafunguliwa lifungwe mara moja baada ya kila kijiti, na kifuko cha kunyonya unyevu kilichomo ndani kisitupwe. Vijiti vilivyopigwa na unyevu hubadilika rangi vyenyewe na kudanganya. Tarehe ya kufungua iandikwe kwa kalamu juu ya kopo. Mashine za presha zitarudishwa ofisini kwetu mara moja kwa mwaka kuhakikiwa, na wakati huo zahanati itaazimwa nyingine.